Juu ya Kupima Nishati Aitumiayo Mnyama wa Maabara

Majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, mjini Paris, Antoine Lavoisier na mwenziwe Pierre-Simon Laplace walimtia simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, na barafu hiyo nayo ikazungushiwa barafu nyingine ya kuikinga na joto la chumba, kisha wakangoja saa 10, wakakusanya maji yaliyoyeyuka kwa harara ya mwili wa mnyama yule, wakayapima, wakaona uzito wake ni aunsi 13 za Kifaransa, yaani kiasi cha gramu 400. Halafu wakalinganisha joto hilo na hewa ya ukaa aitoayo mnyama wa jinsi hiyo kwa pumzi zake, nao wakakata shauri kwamba pumzi ya kiumbe hai ni mwako wa taratibu, usio na miali, lakini wa jinsi moja na mwako wa makaa. Hapo ndipo ilipoanzia elimu ya kupima nishati ya viumbe, na mnyama aliyeitumikia kwanza ni huyu ambaye sisi wa Kivu humwita dende, afugwaye jikoni katika nyumba nyingi za Kabare na Walungu, hasa tangu vita vilipowapora watu ng'ombe na mbuzi wao, wakamgeukia mnyama mdogo aliye mwepesi wa kufichwa na kuhamishwa.

Kwa hiyo si jambo la ajabu kwamba mtu wa Bukavu aulize jinsi nishati ya mnyama ipimwavyo. Watakao kujua ni matembele kiasi gani yatoshayo kumnenepesha dende, au ni kwa nini panya wa maabara aliyepewa dawa fulani amekonda ilhali chakula chake hakikupungua, au mwili wa mtoto mwenye utapiamlo hubana matumizi yake kwa njia gani, wote hao watafika penye swali lile lile: mnyama huyu ametumia nishati kiasi gani tangu asubuhi hata asubuhi, nasi tumejuaje? Wanazuoni wameitafuta jawabu kwa njia nne, nazo ni kulipima joto lenyewe litokalo mwilini, kuipima pumzi, kufanya hesabu ya kiingiacho na kitokacho, na kumnywesha au kumdunga mnyama maji yaliyotiwa alama. Kila njia ina hujja yake na ina udhia wake. Lakini iko kaida moja inayozitawala zote, nayo ndiyo nitakayoishikilia hata mwisho wa maneno haya: namba ya nishati haina maana yoyote ikitengwa na hali aliyokuwamo mnyama na hali ya mahali alipopimiwa, na katika nchi ya milima kama yetu kaida hiyo hudai mengi kuliko inavyodai pwani.

Njia ya kwanza, ya kulipima joto lenyewe, ndiyo iliyo wazi kuliko zote, maadam nishati yote aitumiayo mnyama aliyetulia huishia kuwa joto. Lavoisier alilipima kwa barafu. Waliomfuatia wakalipima kwa maji yazungukayo katika kuta za chumba, au kwa kuta zenye vihisio vinavyopima mtiririko wa joto unaozipita. Max Rubner, Mjerumani, mwaka 1894 alichapisha kazi yake juu ya mbwa waliokaa siku nyingi katika kalorimita, yaani chombo cha kupimia joto, naye akaonyesha kuwa joto lililopimwa moja kwa moja na joto lililohesabiwa kwa chakula na pumzi, kwa wastani, hayakutofautiana hata kwa sehemu moja katika mia. Kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa leo, kwa sababu ilithibitisha kwamba mwili wa kiumbe haukosi kufuata sheria ile ile ya nishati iyatawalayo mawe na mashine, na tena iliwafungulia watu mlango wa kuiacha kalorimita ya joto. Maana chombo hicho ni ghali, ni kizito, ni cha polepole, na kinahitaji mvuke utokao kwa jasho na pumzi upimwe mbali, kwa kuwa kila gramu ya maji iliyogeuka mvuke huchukua kiasi cha kilojuli 2.4 ambazo kuta hazitaziona. Ikiwa pumzi hutoa jawabu lile lile, nani atajitia katika taabu hiyo?

Hata hivyo, kabla ya kuiacha barafu ya Lavoisier, inafaa tufanye hesabu ambayo yeye hakuwa na njia ya kuifanya. Gramu 400 za barafu huhitaji karibu kilojuli 133 ili ziyeyuke, na kwa saa 24 zingekuwa kama kilojuli 320. Sasa, kwa kanuni aliyoitoa Max Kleiber mwaka 1932, mnyama aliyepumzika, asiye na njaa kali wala shibe, asiyesumbuliwa na baridi, hutumia kwa siku kilokalori 70 zikizidishwa kwa uzito wake wa kilo uliopandishwa kwenye kipeo cha robo tatu. Na simbilisi wa nusu kilo kwa kanuni hiyo angetumia kilokalori kama 42, yaani kilojuli 174 au karibu yake. Uzito wa simbilisi wa Paris ungeweza kuzidi nusu kilo, lakini hata angefika kilo nzima asingefikia kilojuli 300. Ziada ile ilitoka wapi? Yamkini sana ilitoka katika barafu yenyewe, kwa kuwa mnyama aliyezungukwa na baridi ya nyuzi sifuri hulazimika kuwasha moto wa ziada ili asife, na joto lililohifadhiwa mwilini nalo humtoka. Chombo, basi, kilikuwa kikibadilisha kile kilichokusudiwa kukipima. Na kosa la namna hiyo halikwisha pamoja na barafu, kama tutakavyoona.

Njia ya pili, ya pumzi, ndiyo itumiwayo zaidi leo. Asili yake ni kwamba kila lita ya oksijeni iliyotumika mwilini huleta karibu kilojuli 20 za nishati, ama mnyama awe anaunguza wanga au mafuta: kwa wanga ni kama kilojuli 21, kwa mafuta kama 19.6, na tofauti hiyo ni ndogo. Uwiano wa hewa ya ukaa iliyotoka kwa oksijeni iliyoingia, ambao kwa wanga ni 1 na kwa mafuta ni 0.7 hivi, hutuambia ni kuni gani ziunguazo, na mwaka 1949 J. B. de V. Weir akaziunganisha hesabu hizi katika kanuni nyepesi: kilokalori ni lita za oksijeni mara 3.94, pamoja na lita za hewa ya ukaa mara 1.11. Angalia kwamba oksijeni ndiyo ichukuayo sehemu kubwa ya uzito wa kanuni hiyo. Mtu aliyeipima oksijeni vema akakosea kidogo hewa ya ukaa hatapotea sana. Aliyeipima hewa ya ukaa peke yake yumo katika hatari, kwa sababu lita moja ya hewa hiyo huwakilisha kilojuli 21 mnyama akila wanga, lakini karibu 28 akiunguza mafuta. Tutalirudia jambo hili tukifika kwenye maji yenye alama.

Vyombo vya pumzi ni vya namna mbili. Katika kile kilichofungwa, kilichotumiwa na Regnault na Reiset huko Ufaransa mwaka 1849, mnyama hukaa ndani ya hewa isiyotoka nje, hewa ya ukaa hunaswa kwa dawa, na oksijeni hujazwa kadiri inavyopungua, hata ile iliyojazwa ndiyo iliyotumika. Katika kile kilicho wazi, mkondo wa hewa hupitishwa juu ya mnyama, nasi tukapima hewa iingiayo na itokayo tukatoa hesabu ya tofauti. Hiki cha pili ndicho kilichoenea katika maabara za Ulaya na Marekani, ambako vizimba kumi au ishirini vya panya huunganishwa na mashine moja inayovizungukia kwa zamu usiku na mchana.

Lakini tazama jinsi kilivyo chepesi cha kudanganya. Simbilisi wa nusu kilo aliyetulia hutumia oksijeni kama mililita 6 kwa dakika. Ukimpitishia lita moja ya hewa kwa dakika, oksijeni iliyokuwa sehemu 20.95 katika mia itashuka hadi 20.35 tu, na jibu lako lote limo ndani ya hiyo tofauti ya 0.6. Mashine ikikosea kwa sehemu 0.05 katika mia, kosa ambalo halionekani kwa macho wala halizui hofu, nishati uliyoiandika imekosewa kwa sehemu 8 katika mia, na huenda athari ya dawa unayoichunguza ni ndogo kuliko hiyo. Ukipunguza mkondo ili tofauti ikue, hewa itakawia kubadilika: kizimba cha lita 10 chenye mkondo wa lita moja kwa dakika huhitaji nusu saa hivi kabla hewa itokayo haijaonyesha karibu kwa ukamilifu badiliko alilolifanya mnyama, hata anayetaka kujua nishati ya mbio za dakika mbili ataona wimbi pana lililolegea ambalo si mbio wala si utulivu. Fauka ya hayo, mvuke wa pumzi huipunguza nguvu ya oksijeni katika hewa itokayo, na usipokaushwa au kuhesabiwa, utaambiwa kwamba mnyama amekula oksijeni ambayo kwa hakika ilisukumwa kando na maji.

Hapa ndipo Bukavu inapoingia katika hesabu. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mji umepanda juu yake. Kanieneo la hewa kwetu ni karibu hektopaskali 850, ilhali Mombasa ni 1,013 au karibu yake. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, 20.95 katika mia, kwetu na kwao. Kilichopungua ni wingi wa hewa yenyewe katika kila lita. Wanazuoni wamekubaliana kuandika ujazo wa hewa kana kwamba ni kavu, katika nyuzi sifuri na kanieneo la usawa wa bahari, na ukiibadilisha lita ya hewa iliyoshiba mvuke, iliyopimwa Bukavu katika nyuzi 20, utapata lita 0.76 tu. Mombasa, katika nyuzi 28, ungepata 0.87. Kwa hiyo mtafiti wa kwetu asomaye ujazo kwenye mita ya hewa na kuupeleka moja kwa moja katika kanuni ya Weir atawaongezea wanyama wake karibu theluthi moja ya nishati wasiyoitumia kamwe, na akilinganisha na kitabu cha Ulaya atadhani amegundua kwamba mnyama wa milimani ana moto mkali kuliko wa bondeni. Hata mashine zenye kusoma oksijeni kwa umeme aghalabu huwa zinaisoma kwa nguvu yake, si kwa sehemu yake, nazo hupanda na kushuka pamoja na kanieneo la siku; mvua ikikaribia, usomaji huhama. Barometa, basi, ni chombo cha kwanza cha maabara ya Bukavu, mbele ya mashine yoyote.

Iko njia ya kuijaribu mitambo hii ambayo ni rahisi na ya haki, nami naisifu kwa sababu haihitaji fundi wa kuagizwa kutoka ng'ambo. Weka taa ndogo ya spiriti safi ndani ya kizimba kitupu, iache iungue, kisha pima taa imepungua uzito kiasi gani. Kila gramu ya ethanoli hula lita 1.46 za oksijeni na kutoa lita 0.97 za hewa ya ukaa, na uwiano wake ni 0.67 bila shaka yoyote. Mashine ikijibu vingine, kosa ni la mashine au la mabomba yavujayo, kwa kuwa ethanoli haina homa, haina njaa, wala haina hofu.

Walakini kwa maoni yangu njia inayotufaa zaidi sisi wa nchi ya juu ni ile iliyobuniwa na John Scott Haldane mwaka 1892, ambayo maabara tajiri zimeiweka kando kwa kuwa haikubali kuendeshwa yenyewe. Hewa husafishwa kwanza kwa chokaa ya soda na kukaushwa kwa asidi ya salfuriki, ikaingia kavu na safi katika chupa ya mnyama. Itokapo hupita tena katika asidi inasayo mvuke, kisha katika chokaa ya soda inasayo hewa ya ukaa, kisha katika asidi nyingine inasayo maji yatolewayo na chokaa yenyewe. Mwisho vyote hupimwa kwa mizani. Chupa pamoja na mnyama wake imepungua kwa hewa ya ukaa na maji vilivyotoka, lakini imeongezeka kwa oksijeni iliyoingia. Vile vyombo vya kunasia vimeongezeka kwa hewa ya ukaa na maji. Na ukitoa upungufu wa chupa kutoka katika ongezeko la vyombo, kinachobaki ni oksijeni. Hakuna ujazo wowote uliopimwa. Hakuna kanieneo, hakuna joto la mita, hakuna hesabu ya mvuke, na gramu ya Bukavu ni gramu ile ile ya Mombasa. Simbilisi wetu wa nusu kilo aliyepumzika hutumia nusu gramu ya oksijeni kwa saa, yaani gramu 2 kwa saa 4, kiasi ambacho mizani nzuri isomayo hadi sehemu ya mia ya gramu hukipima bila taabu. Kinachohitajika ni mizani hiyo, dawa, chupa zisizovuja, na pampu ndogo iwezayo kuendeshwa kwa betri saa ambazo umeme umekatika, nazo kwetu si chache, ijapokuwa mabwawa ya Ruzizi yako jirani. Haldane hampi mtu picha ya kila dakika. Humpa jumla ya saa kadhaa tu. Lakini jumla iliyo sahihi ina thamani kuliko mchoro wa kupendeza uliokosewa kwa theluthi.

Tukiisha kukisahihisha chombo, bado yuko mnyama. Panya mdogo wa maabara huona raha penye nyuzi 30 hivi, na simbilisi hali kadhalika karibu na hapo. Wakiwa katika raha hiyo hawatumii chochote cha ziada kujipasha joto. Maabara nyingi za dunia huwaweka panya katika nyuzi 20 hadi 22, kwa sababu hiyo ndiyo raha ya mtafiti aliyevaa nguo, na panya mdogo katika hali hiyo hutumia nusu zaidi ya matumizi yake ya mapumziko, au kupita nusu, kwa kazi ya kupambana na baridi. Wastani wa joto la Bukavu ni nyuzi kama 20, hata chumba kisichopashwa moto kitafanana na maabara hizo bila mtu kukusudia. Tena dende nyumbani huishi kwa kundi, wakajibana pamoja penye joto la jiko, ilhali kizimba cha kupimia humtaka mmoja mmoja, juu ya sakafu isiyo na majani. Mnyama mpweke, mwenye hofu, asiyezoea sauti ya pampu, katika baridi, siku ya kwanza ya kutengwa, si yule aliyekuwa jikoni jana. Wachunguzi waangalifu humpa siku kadhaa za kuzoea, humwekea matandiko, hupima pia kundi zima katika chombo kimoja, nao huandika yote hayo. Wasio waangalifu huandika namba tu.

Njia ya tatu ni ya hesabu kama ya muuza duka: kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki ghalani. Chakula hupimwa, na sampuli yake huunguzwa katika kalorimita ya bomu ili nishati yake ijulikane; kinyesi na mkojo hali kadhalika; na tofauti, ikiwa mwili haukuongezeka wala kupungua, ndiyo nishati iliyotumika. Ugumu wote umo katika neno hilo "ikiwa". Mnyama aliyeongezeka gramu 10 huenda ameongeza mafuta, nayo ni kilojuli 390, yaani zaidi ya matumizi ya siku mbili ya simbilisi aliyetulia; au huenda ameongeza maji, ambayo hayana nishati hata chembe. Mizani haijui tofauti hiyo. Ndiyo maana wachunguzi huwachinja baadhi ya wanyama mwanzoni na wengine mwishoni, wakapima mafuta na protini za miili yao, jambo ambalo Lawes na Gilbert walikwisha kulifanya kwa mifugo huko Rothamsted, Uingereza, katika karne ya 19. Kwa simbilisi kuna udhia wa ziada, kwa kuwa mnyama huyu hula tena sehemu ya kinyesi chake kilaini, na akizuiwa asile, umeng'enyaji wake wenyewe hubadilika.

Hapa Kivu jambo hili la uzito usio na nishati halikuwa nadharia tupu. Katika Lwiro, yapata kilomita 45 kaskazini mwa Bukavu, ambako taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947 ilijenga makao yake chini ya uongozi wa Louis van den Berghe, na ambako leo kuna kituo cha utafiti wa sayansi za maumbile cha CRSN, madaktari kutoka Brussels, miongoni mwao Henri Vis, walichunguza kwa miaka mingi watoto wenye kwashiakori: watoto waliovimba miguu na uso kwa maji, ambao mizani iliwaona wazito kuliko walivyokuwa kwa hakika, na ambao walipoanza kupona walipungua uzito kabla ya kuongezeka. Mama aliyemwona mwanawe akipungua katika siku zile aliingiwa na hofu, na daktari alikuwa na haki ya kufurahi. Anayedhani kwamba uzito peke yake ni kipimo cha nishati, na aende akaisome habari hiyo.

Njia ya nne ndiyo ya ajabu kuliko zote. Nathan Lifson na wenziwe katika Chuo Kikuu cha Minnesota walitambua mwaka 1949 kwamba oksijeni iliyomo katika hewa ya ukaa hubadilishana na oksijeni ya maji ya mwili. Kwa hiyo, mnyama akipewa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, haidrojeni hiyo itamtoka kwa njia ya maji peke yake, na oksijeni itamtoka kwa njia mbili, ya maji na ya hewa ya ukaa, na tofauti ya kasi zao ni hewa ya ukaa aliyoitoa. Mwaka 1955 waliithibitisha kwa panya. Mnyama huachiwa huru, hukimbia, hula, hulala na wenzake, na baada ya siku kadhaa hutolewa damu kidogo tu. Kwa wanyama, na baadaye kwa wanadamu tangu mwaka 1982, njia hii imefungua milango ambayo kizimba kiliifunga. Herman Pontzer na wenziwe waliitumia kwa Wahadza wa kandokando ya ziwa Eyasi, Tanzania, wakachapisha mwaka 2012 kwamba wawindaji hao, pamoja na mwendo wao mwingi, hawatumii kwa siku nishati nyingi kuliko watu wa mijini wa Ulaya na Marekani wenye miili ya kadiri yao. Na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba nyani, sokwe na jamaa zao wote hutumia kama nusu tu ya nishati itumiwayo na mamalia wengine wa uzito wao.

Nasema ni ya ajabu, lakini sisemi ndiyo ya kutegemewa katika kila jambo. Hupima hewa ya ukaa peke yake, nasi tumekwisha kuona kwamba hewa hiyo bila kujua chakula ni kilojuli 21 au 28 kwa lita; haisemi lolote juu ya saa, bali wastani wa siku; kwa mnyama mmoja mmoja kosa lake huwa kubwa kuliko kwa wastani wa kundi; na oksijeni nzito ni ghali, na sampuli zake huhitaji spektromita ambayo maabara chache za Afrika zinayo. Kwa mtafiti wa Bukavu ina maana ya kupeleka chupa ng'ambo na kungoja majibu. Itumiwe pale ambapo uhuru wa mnyama ndio swali lenyewe, wala isitumiwe kwa sababu ya sifa yake.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake mwema wa kuichagua njia kwa swali. Huko Muguga, karibu na Nairobi, C. Richard Taylor wa Harvard na Geoffrey Maloiy, Mkenya, pamoja na wenzao, waliwafundisha nguchiro, dikidiki, swala, nyumbu, mbuzi na hata pofu kukimbia juu ya mkanda uzungukao, wakipumua kwa barakoa, na kazi yao iliyochapishwa mwaka 1981 ikawa nguzo ya elimu ya kukua kwa pumzi pamoja na mwili. Kisha mwaka 1986, wakiongozwa na Maloiy, walichapisha kwamba wanawake wa Kijaluo wabebao mzigo kichwani, na wa Kikikuyu wabebao kwa ukanda wa kipajini, huweza kubeba mzigo wa sehemu 20 katika mia za uzito wa mwili wao bila nishati yao ya kutembea kuongezeka kwa kiasi kipimikacho. Habari hiyo huwafurahisha watu, na aghalabu hutajwa bila masharti yake. Wanawake wale walikuwa wazoefu tangu utotoni, na walitembea mahali tambarare. Mama wa Bukavu apandaye kutoka bandarini na gunia mgongoni, ukanda ukimkaza kipaji, mara nyingi kwa mzigo unaokaribia uzito wake mwenyewe, hakupimwa katika kazi ile, wala hesabu ile haimpi mtu yeyote ruhusa ya kusema kwamba mzigo wake ni mwepesi.

Limebaki jambo la namna ya kuiandika namba yenyewe, nalo limeleta makosa mengi katika maandishi ya miaka ya karibuni kuliko mashine mbovu. Desturi ni kuigawa nishati kwa uzito wa mnyama. Kwa kanuni ya Kleiber simbilisi wa nusu kilo hutumia kilokalori 83 kwa kila kilo, na wa kilo nzima 70. Basi mtu akimnenepesha mmoja kwa mafuta, ambayo hutumia nishati kidogo, atamwona amekuwa "mvivu" kwa hesabu hiyo hata kama moto wake wa jumla umeongezeka, na ataandika kwamba unene ulitokana na uvivu. Sababu na matokeo hubadilishana mahali kwa kosa la kugawanya. Iliyo sawa ni kuandika nishati ya mnyama mzima, pamoja na uzito wake, na ikiwezekana mafuta yake mbali na nyama yake, kisha kuyalinganisha makundi kwa hesabu ya takwimu inayouweka uzito mahali pake. Mwaka 2012 kundi kubwa la watafiti liliyasisitiza haya katika jarida la Nature Methods, na bado majarida yanapokea makala yasiyoyafuata.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya njia hizi ni kwamba kalorimita ya joto ibaki kuwa hakimu wa mwisho kwa wale walio nayo. Mkondo wazi utumiwe pale ambapo saa na dakika ndizo zinazotafutwa, na asiyeweza kuujaribu kwa taa ya spiriti asiuamini. Maji yenye alama yawe kwa mnyama aliye huru. Na kwa maabara zetu, hesabu ya chakula na mizani ya Haldane, zikitumiwa pamoja kwa wanyama wale wale ili kila moja iikague nyingine, zinaweza kutupa elimu ya dende ambayo hakuna atakayetuletea kutoka nje. Elimu hiyo ina faida ya haraka kwa mfugaji, kwa sababu akijua ni sehemu gani ya majani huishia kwenye baridi ya usiku, atajua pia thamani ya kitanda kikavu na ya kundi lililokaa pamoja. Nayo ina haki ya mnyama ndani yake: Russell na Burch, waliotoa mwaka 1959 kanuni za kuwapunguzia wanyama mateso katika majaribio, walitaka wawe wachache kadiri iwezekanavyo, na kipimo kilichokosewa huwapoteza wote waliotumika.

Nawaomba wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu vya Bukavu, na ndugu zetu wa Lwiro, kwamba kila wanapoandika namba ya nishati waandike kando yake kanieneo la hewa la siku hiyo, joto la chumba, matandiko, idadi ya wanyama waliokaa pamoja, siku za kuzoea, na uzito wa kila mmoja. Karatasi itakayokosa hayo irudishwe kwa mwandishi wake kabla haijachapishwa.